Kadi za Michoro: Tarakimu za Kuazima Hazitutoshi

Jioni zinapoingia, mabaraza ya Mji Mkongwe hujaa watu kama yalivyojaa siku zote. Wazee huzungumza habari za bei na za safari. Vijana wa sekondari, vitabu vikiwa bado kwapani, hubishana. Zamani walibishana juu ya mpira tu. Siku hizi nimewasikia, si mara moja wala mara mbili, wakibishana juu ya kadi za michoro za kompyuta: ni ipi iuendeshayo mchezo mpya wa video vizuri zaidi, na kwa picha ngapi katika sekunde moja. Mmoja hutaja 90. Mwenziwe humkatalia na kutaja 74. Tarakimu hizo hutajwa kwa uhakika, kama mtu atajaye namba ya atomiki ya shaba. Nami nilipowauliza nani aliyepima, na alipima wapi, katika chumba chenye joto gani na kwa kompyuta ya namna gani, baraza lilinyamaza.

Nimelitaja jambo la namba ya atomiki kwa makusudi. Namba hiyo ni sifa ya shaba yenyewe. Haibadiliki shaba ikiwa London au ikiwa Darajani. Idadi ya picha ambazo kadi ya michoro inaweza kuchora katika sekunde moja si sifa ya namna hiyo. Ni tokeo la kadi pamoja na kompyuta iliyopachikwa ndani yake, umeme unaoilisha, hewa inayoipoza, na mchezo wenyewe. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba majedwali ya vipimo yanayotufikia kutoka ng'ambo, hata yawe yametayarishwa kwa uaminifu mkubwa, hayawezi kumwambia mwanafunzi wa Unguja kadi ipi imfae. Jambo hilo hana budi kulipima mwenyewe, na shule ya sekondari ndiyo mahali pa kumfundisha namna ya kulipima.

Fedha za watu zimo katika jambo hili. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alipelekewa fedha na kaka yake afanyaye kazi Maskati ili anunue kadi. Alikuwa na nia ya kucheza, hapana shaka, lakini pia alitaka kujifunza kuchora ramani kwa kompyuta. Alisoma majedwali kwa bidii, akachagua kadi iliyosifiwa kwa bei yake, akaipachika katika kompyuta ya mtumba iliyokuwa imetumika ofisini huko Ulaya, na kuiweka katika chumba cha ghorofani chenye dirisha moja. Mchezo ulikwenda kwa kukwamakwama, mithili ya gari la ng'ombe katika matope ya masika. Mwishowe aliiuza kadi kwa hasara, na mama yake akakata shauri kwamba mambo ya kompyuta ni ya kupotezea fedha. Sitaji jina la kadi wala la duka, kwa sababu hapakuwa na kosa huko. Kadi ilikuwa nzima, na jedwali halikusema uongo. Lililokosekana ni masharti ya kipimo.

Huenda mwalimu mmoja akauliza kwa nini jarida la sayansi lishughulike na michezo. Swali ni la haki, nami nitalijibu kwa ufupi. Chipu iliyobuniwa kwa ajili ya kuchora picha za michezo imekuwa chombo cha sayansi. Mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, waliifundisha kompyuta kutambua vitu katika picha kwa kutumia kadi mbili za mchezo za GTX 580, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3 tu. Kutoka hapo elimu ya kuzifundisha mashine ilichukua mwendo mpya. Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2016 ulianza mpango wa kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki katika kazi hiyo. Kuunganisha maelfu ya picha za namna hiyo ziwe ramani moja ni kazi ambayo kadi ya michoro huifupisha sana. Kwa hiyo kijana anayejua kuipima kadi yake kwa mchezo amekwisha kujifunza nusu ya ufundi wa kuitumia kwa kazi.

Sasa tuangalie kadi inafanya nini. Msomaji aliyepata kukaa shamba wakati wa vuno la karafuu amewaona watu wakichambua. Karafuu huletwa na makonyo yake, humwagwa chini, na watu wengi hukaa kuzunguka chungu wakitenga karafuu huku na makonyo kule. Kazi ya mkono mmoja ni nyepesi, wala haihitaji elimu; uwezo wote umo katika wingi wa mikono. Lakini shamba lina pia msimamizi mmoja, ambaye huamua mti upi uchumwe leo, nani apewe pishi ngapi, na lini karafuu zianuliwe mvua ikitishia. Msimamizi huyo hawezi kuchambua karafuu za watu mia, wala watu mia hawawezi kufanya maamuzi yake kwa pamoja. Katika kompyuta, msimamizi ni prosesa kuu, yenye viini vichache vyenye akili nyingi. Wachambuaji ni viini vya kadi ya michoro, vidogo na vingi: kadi ya GTX 1650 iliyotoka mwaka 2019 ina viini 896, RTX 4060 ya mwaka 2023 ina 3,072, na RTX 4090 ya mwaka 2022 ina 16,384.

Wingi huo una sababu. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600, na kila moja yahitaji kukokotolewa rangi yake. Picha zikiwa 60 kwa sekunde, nukta za kukokotolewa ni 124,416,000 katika kila sekunde, tena nukta moja yaweza kukokotolewa zaidi ya mara moja pale kivuli, maji na moshi vinapopandana. Skrini kubwa ya nukta 3,840 kwa 2,160 ina nukta mara nne ya hizo. Mwanafunzi asiuamini mfano wa karafuu kabla ya kuzidisha mwenyewe.

Lakini mikono peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mchambuaji hodari asiyeletewa karafuu hukaa bure. Kadi ina uwanja wake wa kumwagia karafuu, nao ni kumbukumbu iliyo juu ya kadi yenyewe. Na kuna kasi ambayo mzigo husogezwa kutoka uwanjani hadi mikononi. RTX 3060 ya mwaka 2021 ina uwanja wa gigabaiti 12 na kasi ya gigabaiti 360 kwa sekunde. Ndugu yake mdogo, RTX 4060, aliyekuja miaka miwili baadaye, ana uwanja wa gigabaiti 8 na kasi ya 272. Waliomtengeneza walimfidia kwa kumpa kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya chipu, hata mara nyingi humshinda mkubwa wake. Hata hivyo, mchezo ukiwa na picha nyingi za kuta, nguo na majani zisizoenea katika gigabaiti 8, mkubwa humpita mdogo. Basi nani bora kati ya hawa wawili? Asiyeuliza ni kwa mchezo gani na kwa mpango gani hajauliza swali lenye jibu.

Uwanja ukijaa, mzigo uliobaki hukaa katika kumbukumbu kuu ya kompyuta na kuletwa kila unapohitajika. Barabara ya kuuleta ndiyo ile iitwayo PCI Express, na upana wake huhesabiwa kwa mikondo. Katika kizazi cha tatu cha barabara hiyo kila mkondo hupitisha karibu gigabaiti 1 kwa sekunde. Katika kizazi cha nne, karibu 2. Kadi nyingi hutumia mikondo 16. Lakini RTX 4060 hutumia 8 tu, na RX 6500 XT iliyotolewa Januari 2022, yenye uwanja wa gigabaiti 4, hutumia 4. Katika kompyuta mpya ya kizazi cha nne, mikondo 4 ni gigabaiti 8 kwa sekunde, na mambo hupita kwa shida ndogo. Ukiichukua kadi hiyo hiyo ukaipachika katika kompyuta ya kizazi cha tatu, zitabaki gigabaiti 4, na wapimaji walioijaribu kwa namna zote mbili waliona wazi namna ilivyopungua katika michezo iliyoujaza uwanja wake.

Je, ni nani duniani anayenunua kadi ya bei nafuu na kuipachika katika kompyuta ya zamani? Ni sisi. Na ni nani anayeipima kadi hiyo kwa ajili ya majedwali? Ni fundi mwenye kompyuta mpya kupita zote, kwa sababu anataka prosesa isiwe kizuizi, ili tofauti za kadi zionekane peke yake. Kwa kazi yake yeye, hiyo ni njia sahihi kabisa. Ndivyo tunavyowafundisha wanafunzi wetu kudhibiti vigeu vyote isipokuwa kimoja. Lakini vigeu alivyovidhibiti yeye ndivyo hasa vinavyotusumbua sisi. Kijana wa mtaani kwetu aliingia katika tundu hilo.

Liko na jambo la wastani. Majedwali mengi hutanguliza wastani wa picha kwa sekunde, na mwanafunzi wa hisabati anajua namna wastani uwezavyo kuficha. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika sekunde moja kadi inachora picha 60: picha 59 za kwanza huchukua milisekunde 10 kila moja, jumla 590, picha ya mwisho huchukua milisekunde 410. Jumla ni milisekunde 1,000, na wastani ni picha 60 kwa sekunde, sawasawa na kadi nyingine ambayo kila picha yake huchukua milisekunde 16.7. Jedwali litaziandika kadi hizo mbili katika mstari mmoja. Lakini mchezaji wa kadi ya kwanza ameona skrini ikiganda kwa karibu nusu ya sekunde, muda utoshao kufungwa bao au kuanguka shimoni. Kwa sababu hiyo wapimaji makini huandika pia hesabu ya picha zilizochelewa kuliko zote, yaani moja katika kila mia. Safu hiyo ndiyo ya kusomwa kwanza, wala si ile ya wastani iliyochapwa kwa herufi nene.

Mwaka 2025 liliongezeka jambo jingine. Mwezi Januari, mjini Las Vegas, mkuu wa kampuni ya NVIDIA, Jensen Huang, alitangaza kwamba kadi mpya ya RTX 5070, ya dola 549, ingetoa uwezo wa RTX 4090, ambayo ilipotoka bei yake ilikuwa dola 1,599. Hakuficha kwamba jambo hilo lisingewezekana bila akili ya mashine. Maana yake ni hii: kadi huchora picha moja ya kweli, kisha hubuni hadi picha tatu za kujaza nafasi kabla ya picha ya kweli inayofuata. Ukihesabu zote, picha 30 huwa 120. Macho huona ulaini ulioongezeka, na hilo si haba. Lakini mchezo husoma amri ya kidole chako katika picha za kweli tu. Mkono utahisi mchezo wa picha 30. Bila picha za kubuni, RTX 5070 haifiki RTX 4090. Sisemi kwamba huo ni ulaghai. Nasema kwamba neno moja, “picha kwa sekunde”, limetumiwa kwa vitu viwili, na katika sayansi kipimo kikibadilishiwa maana katikati ya njia, jedwali lote huvurugika.

Tofauti ya kinachoonyeshwa na kinachoendeshwa si ngeni, na mfano mmoja wake unatuhusu kwa namna ya kuchekesha. Mwezi Mei 2003, katika maonyesho ya michezo mjini Los Angeles, kampuni ya Bungie iliwaonyesha watu mchezo wake wa Halo 2. Vita vilikuwa vikipiganwa katika mji wa pwani ya Afrika Mashariki wa miaka mia kadhaa ijayo, waliouita New Mombasa. Mwanga na vivuli vyake vilistaajabisha. Mashine ya Xbox iliyokusudiwa kuuendesha ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 64 kwa shughuli zote, na baadaye watengenezaji wenyewe walieleza kwamba mtambo wa michoro uliotumika katika maonyesho yale haukuweza kamwe kuendeshwa inavyotakiwa na mashine hiyo, wakalazimika kuutupa na kuanza mwingine. Mchezo ulipotoka Novemba 2004 ulikuwa na Mombasa nyepesi zaidi, na ulikuwa pia na uwanja mmoja wa mapambano uitwao Zanzibar, wenye ufuko na gurudumu kubwa la upepo. Mimi nimeutazama uwanja huo kwa makini, na sikuona mnazi wowote ninaoufahamu.

Turudi kwenye Zanzibar yenye minazi, na kwenye joto. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kupita yote, na ndilo majedwali yasemayo kidogo. Umeme wote uingiao katika kadi hutoka kama joto. Hakuna kazi nyingine unayoifanya inayobaki. GTX 1650 imepangiwa wati 75, RTX 4060 wati 115, RTX 4090 wati 450. Mtu aliyekaa kitako hutoa joto la kama wati 100. Basi mwenye kuiwasha RTX 4090 kwa mchezo mzito amewakaribisha chumbani wageni wanne na nusu wasioonekana, na hapo hatujahesabu prosesa wala skrini.

Kadi hupozwa kwa hewa ya chumba, kwa hiyo joto lake ni joto la chumba na nyongeza juu yake. Tuseme nyongeza hiyo ni nyuzi 50 za Sentigredi. Katika maabara ya Ulaya yenye nyuzi 21, kadi itatulia kwenye nyuzi 71, na mpimaji ataandika kwamba ni kadi tulivu. Mwezi Februari, wakati wa kaskazi, mchana wetu hufika nyuzi 32 au 33, na chumba kilichofungwa huzidi hapo. Kadi hiyo hiyo itafika nyuzi 83. Kadi nyingi za GeForce za miaka iliyopita zilipangwa kuanza kujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 83, ili zisiungue. Basi kadi mbili zilizotoka katika sanduku moja, moja ikiwa Stockholm na nyingine Mkunazini, zitatoa tarakimu mbili mbalimbali, na ile ya Mkunazini itapiga kelele zaidi, maana mapangaboi yake yatakuwa yakizunguka kwa nguvu zote. Tena itaanza vizuri! Dakika tano za kwanza zitakuwa kama za jedwali. Upungufu huja baada ya robo saa, vyuma vinapokwisha kupata moto. Kipimo cha dakika mbili hakiwezi kuuona.

Nyumba zetu za mawe zina tabia zao. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa kama nusu mita, huchelewa kupata joto na huchelewa kulitoa. Asubuhi chumba cha chini huwa na ubaridi wa kupendeza. Saa mbili za usiku, wakati vijana wanapocheza, ukuta uliopigwa na jua la magharibi bado unatoa joto la alasiri. Mwenye kompyuta katika nyumba ya namna hiyo afanye vipimo asubuhi na usiku, asidhani kwamba usiku ndio utakaomfaa. Chokaa nayo huanguka kutoka darini kama unga, huingia katika mapezi ya kupozea na kuyaziba. Na hewa ya bahari hubeba chumvi, ambayo pamoja na unyevu hula shaba na risasi. Fundi mmoja wa mtaani aliniambia kwamba kadi nyingi anazoletewa kama zimekufa hufufuka kwa brashi ya rangi na subira.

Kuhusu umeme nitasema machache. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa nyaya zipitazo chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba: ya kwanza ya mwaka 1980, na ya pili, yenye uwezo wa megawati 100, ya mwaka 2013. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka miezi mitatu ya giza kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hali sasa si ile, lakini volti hushuka na kupanda. Kompyuta inayohitaji wati 500 huvuta ampea 2.2 kwenye volti 230. Volti zikishuka hadi 180, itavuta ampea 2.8 ili ipate wati zile zile, na waya za nyumba ya zamani zitapata joto zaidi. Kompyuta nyingi za ofisini zijazo kama mitumba zina kipoza umeme cha wati 240 au 300 na hazina waya wa ziada wa kuilisha kadi. Kwa mwenye kompyuta kama hiyo, GTX 1650 ya toleo linalolishwa na tundu lake tu ni kadi bora kuliko RTX 4090, kwa sababu ile itawaka na hii haitawaka. Jedwali gani lingethubutu kuandika hivyo?

Sasa niwageukie walimu. Najua shule zetu hazina kadi za dola mia tano, wala sipendekezi zinunuliwe. Kompyuta yoyote yenye skrini ina sehemu ya kuchora picha, hata kama ni ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Uko mchezo wa bure wa mbio za magari uitwao SuperTuxKart, ambao huendeshwa na kompyuta dhaifu na huweza kuonyesha idadi ya picha kwa sekunde pembeni mwa skrini. Kwa kompyuta zenye nguvu, watengenezaji wa mchezo wa Kichina wa Black Myth: Wukong walitoa bure programu ya kupimia mwezi Agosti 2024, juma moja kabla ya mchezo wenyewe. Vyombo vingine ni kipimajoto cha maabara, saa na daftari.

Jaribio la kwanza laweza kufanywa katika vipindi viwili. Mpango wa mchezo uwekwe kwenye nukta 1,280 kwa 720, kisha 1,920 kwa 1,080, njia ikiwa ile ile na magari yakiwa yale yale. Kabla ya kupima, kila mwanafunzi aandike anachotabiri. Nukta zimeongezeka mara 2.25; kadi ikiwa ndiyo kizuizi pekee, picha kwa sekunde zitapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Lakini pengine hazitapungua hata kidogo. Darasa litashangaa, na hapo ndipo mwalimu aulize: wachambuaji wameongezewa kazi mara mbili na zaidi, na bado wanamaliza kwa wakati ule ule, basi ni nani aliyekuwa akiwachelewesha? Ni msimamizi. Mwanafunzi aliyeona hivyo kwa macho yake hatanunua kadi mpya kwa ajili ya kompyuta hiyo, maana amekwisha kujua kwamba haitaisaidia. Kama kijana wa mtaani kwetu angelifanya jaribio hili kwanza, fedha za kaka yake zingelinunua prosesa au kumbukumbu.

Kipimo kirudiwe mara tatu, na cha kwanza kisihesabiwe, kwa kuwa mchezo ukiwashwa mara ya kwanza hutayarisha mambo mengi ambayo hautayatayarisha tena. Joto la chumba liandikwe mwanzo na mwisho. Dirisha likifunguliwa katikati ya kipimo, hilo nalo liandikwe. Wanafunzi watachoshwa na jambo hili, kama wachoshwavyo na kupima urefu wa uzi wa timazi, na mwalimu asiwahurumie sana. Baadaye wachore grafu ya muda na idadi ya picha kwa nusu saa nzima, wakiangalia ni wapi mstari unapoanza kuinama.

Mimi nina daftari la namna hiyo nyumbani. Upande wa kushoto nimeandika vipimo vya Februari, wakati wa kaskazi, mashine ikiwa mezani karibu na ukuta wa magharibi. Mchezo, mpango na meza havitabadilishwa. Upande wa kulia nimeandika “Julai, kipupwe” na nimeuacha mtupu. Nimekwisha kutabiri kitakachoandikwa hapo, na utabiri wenyewe nimeukunja katika karatasi nikampa jirani yangu, mwalimu wa fizikia, auweke hadi siku hiyo. Yeye anasema kwamba tofauti itakuwa ndogo kuliko ninavyodhani, kwa sababu ukuta ule hautoi joto lake upesi hata Julai. Huenda ana haki. Naye pia ameandika tarakimu yake.